Chai Iliyopitia London

Niliota usiku wa jana kwamba nyumba yangu ya wageni imejaa askari wa makoti mekundu, na wote wanataka chumvi.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana ndoto ya mtu asiyejulikana ni kelele tu. Naitwa Zaina Hoza. Nina nyumba ya kulala wageni Korogwe, karibu na barabara kuu, na mbele yake mgahawa mdogo wa chai na vitumbua. Naishi na shangazi yangu Mwantumu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Shangazi ni mtu wa maneno machache. Kwangu mimi yeye ndiye mama, ndiye baba, ndiye ukoo mzima uliobaki.

Wiki hii chumba cha kona amekichukua Mwalimu Shekifu, anayefundisha historia Handeni na amekuja kwenye semina. Mwalimu ana tabia ya kusoma kwa sauti huku anatembea chumbani, na kuta zangu ni nyembamba. Jana alisoma sheria na mikataba ya Wamarekani wa zamani, tangu walipokuwa chini ya mfalme wa Uingereza mpaka walipojitoa. Usingizi ulinichukua akiwa kwenye kifungu cha pili cha sijui nini. Sikuwa nimekula kitu kibaya. Nilikula ndizi na samaki, kama siku zote.

Basi, ndotoni ni asubuhi, natoka chumbani, nakuta askari kila mahali. Wamekaa kwenye mabenchi, kwenye ngazi, wawili wamekaa ndani ya karai la kufulia. Makoti mekundu, vifungo vinang'aa, na kila mmoja ameshika kitumbua changu.

Sajini wao akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kawafungulia?"

"Sheria," akasema, akanyoosha kidole.

Sheria alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha mapokezi. Alikuwa mnene, ana miwani, na shingo hana. Alimeza kilichokuwa mdomoni, akasema: "Askari akikosa kambi, atalala kwenye nyumba ya wageni. Na wenyeji watampa mishumaa, chumvi, siki, bia na kitanda."

"Hapa hatuuzi bia."

"Basi siki iongezwe," akasema Sheria, akachukua kitumbua kingine.

Nikaenda jikoni kutafuta siki. Naona ajabu kwamba sikushangaa. Kilichonikera ni kwamba walikuwa wanaweka siki kwenye chai, na chai yangu naipika kwa tangawizi mbichi, naisimamia mwenyewe.

Nikiwa nawamiminia, sajini akainamisha kichwa, akaniambia kwa upole, kama mtu aliyekuja kutoa pole msibani: "Pole na shangazi."

Nikaacha kumimina. "Shangazi amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Yumo kwenye mkataba. Sisi tumeshindwa vita, mama, sasa tunatia sahihi ya amani. Tunawaachia wale waasi ardhi yote, kuanzia baharini, kupanda milima, mpaka kwenye mto mkubwa, na vyote vilivyomo. Shangazi yako alikuwa amekaa humo."

"Shangazi amekaa uani kwangu!"

"Ua umo."

Nikakimbilia mlango wa nyuma. Nilipoufungua, ua haukuwepo. Palikuwa na milima. Mwanzo nilidhani ni Usambara, maana niliona ukungu ule ule ninaouona kila siku, lakini miti ilikuwa migeni, na ng'ambo ya milima, mbali sana, mdogo kama punje, nikamwona shangazi amekaa kwenye kigoda chake.

"Ni mtu wao sasa?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Bado. Wino haujakauka. Mabwana wanaupuliza sasa hivi huko Parisi. Ukikauka, ni wao. Ukilowa kabla haujakauka, mkataba unakuwa karatasi chafu tu."

"Ukilowa na nini?"

Sajini akatazama huku na huku. Sheria alikuwa amesinzia. "Chochote. Lakini wale mabwana, kitu wanachokiogopa zaidi ya bunduki ni chai. Ugomvi wote ulianzia kwenye chai iliyomwagwa baharini."

Nikalipima birika kwa mkono. Lilikuwa nusu, na lilikuwa la moto. Nikajifunga vizuri kiunoni nikaanza safari.

Sikupiga hata hatua ya pili. Sheria akafumbua jicho moja. "Hiyo chai inakwenda wapi?"

"Nje."

"Haiwezi kwenda nje moja kwa moja. Bidhaa yoyote ya koloni inayokwenda kwingine, lazima ipitie London kwanza."

"Mzee, mlango ni huu hapa."

"Nauona. London kwanza."

Nikamuuliza London iko wapi. Akasema nyuma ya tangi la maji. Nikazunguka tangi, na kweli, London ilikuwepo. Ilikuwa na kaunta moja ya mbao na mtu wa makamo aliyevaa wigi jeupe, ananyesha mvua. Namaanisha yeye ndiye aliyekuwa ananyesha. Maji yalikuwa yanamtoka mabegani.

"Umeleta nini?" akauliza.

"Chai."

Akafungua kifuniko, akanusa, akafunga. "Imefika London."

"Naona."

"Sasa inaweza kwenda."

Nilirudi pale pale nilipokuwa. Chai ilikuwa ile ile, ila sasa ni vuguvugu, na Sheria ameridhika. Nyuma yangu nilisikia askari mmoja anamwomba mwenzake chumvi iliyokuwa mbele yake. Mwenzake akainuka, akaipeleka nyuma ya tangi, akarudi nayo. Hakuna aliyecheka.

Mlangoni nikakumbana na Stempu.

Stempu alikuwa mfupi, mguu mmoja, amevaa taji, na chini amelowa wino kama mtoto asiyebadilishwa nepi. Alikuwa anaruka kwa ule mguu mmoja, tap, tap, na kila alipotua aliacha alama. Alikuwa ameshagonga gazeti la askari, amegonga karata walizokuwa wanacheza, amegonga cheti cha ndoa cha mtu aliyekuwa anapita tu.

"Karatasi," akaniambia.

"Sina."

"Unayo. Mkono wa kushoto."

Kweli nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshika sukari, nimeifunga kwenye kipande cha gazeti, kama tunavyofunga dukani. Sikumbuki niliichukua saa ngapi.

"Kila karatasi lazima iwe na mimi," akasema Stempu. "Bila mimi, karatasi ni haramu, na aliyeishika ni haramu, na shughuli aliyokwenda nayo imefutwa."

"Na ukinigonga itachukua muda?"

"Kuna foleni," akasema. Nikatazama. Foleni ilipanda mlima, na watu wa mbele walikuwa wameota ndevu.

Nikaimimina sukari yote ndani ya birika. Kisha ile karatasi nikaitia mdomoni, nikaitafuna, nikaimeza. Ilikuwa na habari za mpira.

Stempu akanitazama usoni, akanitazama tumboni, akanizunguka kwa ule mguu wake mmoja. Tap, tap, tap.

"Hiyo ni hila," akasema.

"Karatasi iko wapi?"

Akafikiri. Akajaribu kunigonga tumbo, nikarudi nyuma. "Sheria haikusema kitu kuhusu tumbo," akakiri kwa uchungu, akarukaruka kwenda kumtafuta mtu mwingine.

Napanda mlima. Birika ni zito, pumzi zinanikatika, na shangazi bado ni punje. Nasikia kwa mbali, kama upepo kwenye mashimo ya tofali, mabwana wanapuliza wino. Fuuu. Fuuu. Naongeza mwendo. Nafika juu kabisa ya mgongo wa mlima, na pale juu amelala Mstari.

Mstari alikuwa mrefu kuliko macho yangu. Alianzia huko na kuishia huko, amejilaza juu ya vilele kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea. Alikuwa mwembamba na amekanyagwa vibaya. Mwili mzima una alama za viatu, kwato na magurudumu.

"Huvuki," akasema, bila kuinua kichwa.

"Habari za asubuhi."

"Nzuri. Huvuki. Mfalme ametamka: upande huu kaeni ninyi, upande ule waachiwe wenye nchi."

"Ni jambo jema hilo."

Mstari akainua kichwa. Nadhani hakuwa amewahi kuambiwa hivyo. "Ni jema, siyo? Nami nilidhani hivyo. Lakini wanavuka. Kila siku wanavuka. Wananiambia 'samahani' na hawasimami."

"Mfalme mwenyewe amewahi kufika hapa?"

"Hapana. Alinichora akiwa amekaa."

Nikamhurumia. Nikamweleza habari ya shangazi, kwamba sitaki shamba wala kujenga, ninakwenda kumtoa mtu wangu tu nirudi naye. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Nakuelewa, dada yangu. Lakini nikikuachia wewe uliyeomba vizuri, nitawaambia nini wasioomba?"

Hapo ndipo walipofika makarani wawili. Walikuja wanagombana, mmoja ametoka kusini, mwingine kaskazini, wamefungana kwa utepe mmoja wa kupimia, ule wa mafundi cherehani. Hawakunisalimu. Wakanizunguka.

"Huyu ahesabiwe mzima," akasema wa kusini. "Tukimhesabu mzima, sisi tunapata viti vingi bungeni."

"Atapiga kura?" akauliza wa kaskazini.

"Huyu? Hata kidogo."

"Basi asihesabiwe kabisa."

"Samahani," nikasema. "Mimi si mtumwa wa mtu. Nina nyumba ya wageni."

"Hatujakuuliza," wakasema wote wawili, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

Wakavutana, wakanong'ona, wakapeana mikono. Kisha wa kusini akapiga magoti, akanipima tangu utosini, akatoa chaki, akanichora mstari kuzunguka nyonga. "Sehemu tatu katika tano," akatangaza. "Juu ya chaki ni mtu. Chini ya chaki si kitu."

Wakaondoka, utepe unawafuata.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ndotoni chaki ile ilikuwa baridi kama bati la asubuhi. Nikajitazama mapaja, magoti, vidole vya miguu nilivyopaka hina Idi iliyopita. Miguu hii ilisimama jikoni tangu nikiwa mdogo. Miguu hii ilimbeba shangazi mgongoni mpaka hospitali mwaka ule mvua ilipobomoa daraja. Na sasa si kitu, kwa sababu watu wawili wamepeana mikono. Nikasimama na birika langu, machozi yananilengalenga, na kule Parisi wanapuliza. Fuuu.

Mstari akakohoa. "Pole. Na mimi hawakuniuliza."

Ndipo likanijia. Sijui lilitoka wapi.

"Kaka Mstari," nikasema, "wewe umewekwa kuzuia nini?"

"Watu."

"Miguu yangu ni mtu?"

Akanitazama chini ya chaki. Akatazama tena. "Kwa ule uamuzi wa sasa hivi, hapana."

"Basi huwezi kuizuia."

"Hiyo siwezi," akakubali polepole. "Lakini huyo wa juu, yule aliyehesabiwa, si mtu?"

"Huyo wa juu havuki. Amekaa tu. Anabebwa. Huyo ni mzigo."

Nikaona mwili wote wa Mstari, kilele kwa kilele, unaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Vumbi la miaka likamtoka.

"Mzigo," akasema. "Haya. Miguu, piteni. Na mzigo wenu muuangalie usije ukaanguka."

Miguu yangu ikavuka. Mimi nilikaa kimya juu yake kama gunia, ili nisiharibu kesi.

Ng'ambo ya Mstari ni uani kwangu. Ni uani kwangu kabisa, na mpapai upo, ila katikati ya ua ni Parisi. Zulia, mishumaa, meza ndefu. Mabwana wamevaa soksi nyeupe mpaka magotini, wameinamia karatasi kubwa kama shuka, wamevimbisha mashavu, wanapuliza. Pembeni, kwenye kona, umesimama Mto. Ni mto mkubwa mno kwa chumba kile, umejikunja mabega kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu, na tope linadondoka kwenye zulia.

"Wewe umekuja kufanya nini?" nikaunong'oneza.

"Mimi ni mpaka," Mto ukajibu kwa aibu. "Wameniambia nisimame hapa nisisogee. Sijawahi kusimama."

Kwenye kizingiti, nje ya zulia, walikuwa wamekaa shangazi na mama mwingine. Mama huyo alikuwa wa umri wa shangazi, nywele zake ndefu amezisuka msuko mmoja uliolala mgongoni, ngozi ya paa mabegani. Wamepakata ungo mmoja kati yao, wanapukuchua mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa mekundu, meusi na ya buluu.

"Shangazi! Inuka twende."

"Msalimie mama kwanza," akasema shangazi.

Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ningekukaribisha ndani, lakini leo asubuhi nimeambiwa hapa si kwangu." Alisema hivyo bila kuacha kupukuchua. "Walioitoa nchi hawakuwa nayo. Waliopewa hawajaiona. Mimi nilikuwa ndani yake, nikasikia habari kwa mpita njia."

"Hawakukuita?"

"Viti vimejaa," akasema.

Bwana mmoja pale mezani akaniona. Alikuwa na uso mwema, wa mtu anayelala vizuri. Akaliona birika, akashtuka, wote wakashtuka, mmoja akapanda juu ya kiti.

"Hiyo ni chai?"

"Ni chai."

"Imepitia London?"

"Imepitia."

Wakatazamana. Mashavu yakashuka. "Kama imepitia London, basi ni halali," akasema yule bwana. "Karibu sana. Utumiminie."

Wakatoa vikombe. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye meza ile, kwa heshima, birika mkononi.

Nikaanza kwa kumimina kwenye vikombe, maana mkono wangu umezoea. Yule bwana akanywa, akafumba macho. "Ina tangawizi," akasema, kama mtu aliyekumbuka jina la rafiki. Akashusha sauti. "Najua umekuja kwa ajili ya yule mama. Sisi si watu wabaya. Tunaweza kuongeza kifungu." Akachovya kalamu. "Mwantumu Hoza, wa Korogwe, hayumo ndani ya mkataba huu. Unatia sahihi hapa, unamchukua, unakwenda naye nyumbani hata chakula cha mchana hakijaiva."

"Na mwenzake?"

"Mwenzake yupi?"

Alikuwa anamtazama yule mama moja kwa moja, na hakumwona. Hakuwa anajifanya. Niliyafuata macho yake mpaka kizingitini, nikaona yanavyompita yule mama kama macho yanavyoupita moshi.

Akanipa kalamu. Nikaishika.

Nasema kweli, niliishika vizuri. Nilikuwa nimechoka, nimemeza gazeti, nimechorwa chaki, na shangazi ni mmoja tu duniani. Nilijiambia: yule mama simjui, nchi ile si yangu, nitamwombea. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Zaina," akaita shangazi.

"Abee, shangazi."

"Usinitoe peke yangu. Mahindi haya tumeyaanza wawili."

Akachukua gunzi jingine.

Yule bwana akaanza kusoma kwa sauti, ili kunisaidia: "Na kutakuwa na amani thabiti na ya milele kati ya pande zote mbili..."

"Pande ziko tatu," nikasema.

Nikaliinua birika, nikalimimina lote. Tangawizi, sukari, majani, vuguvugu la London. Chai ikaenda katikati ya meza, ikasimama kidogo kana kwamba inauliza njia, kisha ikatawanyika. Mabwana wakapiga kelele. Mishumaa ikazimika yenyewe kwa hofu. Vifungu vikaanza kuogelea. Kifungu cha kwanza kikakishika mkono cha saba. Sahihi moja ikaota mkia.

Lakini haikutosha. Birika lilikuwa nusu tangu mwanzo, na karatasi ilikuwa pana. Chai ilitulia katika dimbwi, na chini yake maandishi bado yalisomeka, kama sarafu ndani ya kisima. Yule bwana mwema akavimbisha mashavu. "Pulizeni!" akaamuru. "Pulizeni, itakauka hivi hivi!"

Fuuu, wote kwa pamoja. Nami sina kitu kingine mkononi.

Shangazi akainuka. Aliinuka taratibu, akashika kiuno, akakung'uta makapi ya mahindi, akaingia ndani ya Parisi na ndala zake.

"Watu wazima na soksi zenu," akawaambia, "mnapulizia chai mezani?"

Akafungua kanga aliyojifunga juu ya gauni, akaikunja mara mbili, akaanza kufuta. Alifuta anavyofuta meza ya mgahawa wateja wa basi wanapoondoka, kutoka kona ya mbali kuja kwake, mkono mrefu, bila kuruka mahali. Milima ikafutika. Bahari ikafutika. Mabwana walikuwa wanainua vikombe vyao ili apite, kwa sababu mtu yeyote aliyelelewa huinua kikombe mama akifuta meza. Mmoja akasema "ahsante" halafu akaziba mdomo.

Pembeni Mto ukauliza: "Nimefutwa?"

"Ulichorwa vibaya," akasema shangazi. "Nenda zako."

Mto ukanyoosha mabega. Sauti yake ilikuwa kama lori la mchanga linamwaga. Ukapita mlangoni na tope lake, na kiti kimoja, na bwana mmoja aliyekuwa juu ya kiti, ukaenda.

Yule mama wa kizingitini akasimama. Kwa mara ya kwanza yule bwana mwema alimwona. Nilijua, kwa sababu alirudi nyuma.

"Wataandika nyingine," yule mama akamwambia shangazi. Hakuwa na huzuni wala furaha. Alikuwa anampa habari. "Kesho, au kesho kutwa. Nao watatia neno lile lile, milele. Wanalipenda sana."

Shangazi akaikamua kanga juu ya zulia. Ikatoa chai, ikatoa wino. "Nikiwepo nitafuta," akasema. "Nisipokuwepo, utafuta wewe. Kitambaa si shida."

Wakapeana mkono, ule wa kushikana viganja viwili. Yule mama akamjazia mahindi kwenye pindo la gauni. Akanigeukia mimi, akaniambia: "Na wewe, jifute hiyo chaki."

Nikainama kuifuta chaki, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Basi la Arusha lilikuwa linapiga honi barabarani, na kwenye chumba cha kona Mwalimu Shekifu anakoroma. Miguu yangu yote miwili ilikuwa kitandani pamoja na mimi. Nikaitazama sana kuliko ilivyo kawaida.

Nikatoka nyuma. Ua upo. Mpapai upo. Shangazi amekaa kwenye kigoda mbele ya beseni, anafua kanga, anasugua mahali pamoja kwa nguvu, midomo ameikaza.

"Umeamkaje, shangazi?"

"Salama. Nitafutie ndimu nyingine."

Nikasogea. Beseni lilikuwa na maji ya rangi ya chai, na juu yake limeelea wingu la buluu. Shangazi hajui kusoma wala kuandika, na nyumbani kwetu wino pekee uliopo ni wa kalamu ya kwenye kaunta, nao ni mweusi.

"Hiyo imepata nini?"

"Najua mimi? Nimeamka nimeikuta hivi." Akaikamua, akaisimamisha dhidi ya jua ili aone kama imetakata. Yeye alikuwa upande mmoja wa kitambaa, mimi upande wa pili. Upande wake, akasema, ni michirizi tu. Upande wangu, jua likipenya, michirizi ile ilikuwa herufi, za mwandiko mzuri uliolala, na zilisomeka sawasawa.

Lilikuwa neno moja. Milele.

Shangazi akachungulia juu ya pindo, akanitazama uso wangu, akairudisha kanga majini.

"Itatoka," akasema. "Lete ndimu."